Binti wa Kumi

Kabla hajatimiza miaka minne alikuwa tayari amemwokoa mama yake, na wala hakujua.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1778, ndani ya kasri la wafalme mjini Beijing. Mama yake, aliyejulikana kwa cheo cha Suria Dun, alimkasirikia kijakazi wake akaamuru apigwe. Kijakazi akapigwa mpaka akafa. Habari zilipomfikia Mfalme Qianlong, hakuzificha. Aliwaita wanawe na mawaziri wake wa karibu, akaliweka kosa lile mbele yao. Suria akashushwa cheo daraja moja, na wazazi wa marehemu wakapewa wakia mia moja za fedha za kumzikia mtoto wao. Adhabu ingeweza kuwa kubwa kuliko hiyo, na mfalme mwenyewe alilisema hilo. Kilichompunguzia yule mama adhabu ni kwamba alikuwa amemzalia mfalme binti.

Miaka michache baadaye cheo kikarudishwa. Binti alikuwa akikua, na baba alikuwa akimpenda.

Nimeishi na habari ya binti huyu kwa miaka mingi sasa, na kila nikiirudia namwona amesimama mahali pale pale: sheria inakuja mbio kuelekea nyumbani kwake, inamkuta mlangoni, inapunguza mwendo. Ilitokea kwa mama yake. Ikaja kutokea kwa mkwewe, kisha kwa mumewe, mara mbili. Walioandika juu ya zama zile walimsifu kwa akili na ujasiri, na sifa hizo ni za haki. Mimi ninachotaka kuuliza ni kitu kingine: mtu anayefanywa kinga ya watu wazima tangu hajui hata kufunga viatu vyake, anaishije?

Jina la heshima alilopewa ni Hexiao. Ni maneno mawili ya Kichina: maelewano, na utiifu wa mtoto kwa wazazi. Alikuwa binti wa kumi na wa mwisho wa Qianlong, mfalme wa nasaba ya Qing, yaani Wamanchu walioshuka kutoka kaskazini-mashariki wakaitawala China kuanzia 1644 hadi 1912.

Nilikutana naye kwa njia ya pembeni. Nilikuwa mwanafunzi Beijing, na rafiki zangu wa bwenini walinipeleka kutembea kwenye jumba linaloitwa Gongwangfu, karibu na maziwa ya Shichahai. Ni jumba la makumbusho siku hizi, na watu hupanga foleni ndefu kuliona jiwe moja lililo ndani ya pango la bustanini, lenye neno “fu”, baraka, lililoandikwa kwa mkono wa Mfalme Kangxi. Waongozaji wenye vipaza sauti walikuwa wakisimulia habari za mtu mmoja tu: Heshen, waziri aliyelijenga jumba lile, fisadi mashuhuri kuliko wote katika historia ya China. Nyuma kabisa kuna jengo la ghorofa lenye urefu wa zaidi ya mita 150, na madirisha ya ukuta wake wa nyuma yamechongwa kwa maumbo tofauti tofauti. Watu husimulia kwamba kila umbo lilimkumbusha Heshen ni hazina gani iko nyuma ya dirisha lile. Wageni walicheka, wakapiga picha. Kisha mwongozaji wetu akatamka, kwa haraka kama mtu anayepita, kwamba mkwe wa nyumba hii alikuwa binti wa mfalme, na kwamba yeye ndiye aliyebaki hapa baada ya Heshen kufa.

Nikasimama pale pale. Aliyebaki?

Nimewahi kumjua mwanamke aliyebaki. Bibi yangu mzaa mama aliolewa Pangani katika nyumba ya mfanyabiashara wa mbata, nyumba ya milango ya nakshi na baraza pana. Posa ilipelekwa akiwa bado mtoto anayecheza kibe, kwa kuwa baba wawili walikuwa marafiki wa biashara. Miaka kadhaa baada ya harusi bei ya mbata iliporomoka, na wadai wakaja mpaka barazani. Mkwewe alikufa, wajomba wakatawanyika, na bibi akabaki na nyumba, madeni, na mume mpole aliyelelewa kwa kupewa kila kitu. Hadithi ya kasri na hadithi ya Pangani hazilingani kwa ukubwa, najua. Lakini ni bibi aliyenifanya nimsikie yule mwongozaji.

Turudi mwanzo. Hexiao alizaliwa tarehe 2 Februari 1775, ambayo kwa kalenda ya Kichina ilikuwa siku ya tatu ya mwezi wa kwanza, siku ambayo watu bado wako katika shamrashamra za mwaka mpya. Baba yake alikuwa na umri wa miaka 63. Wiki moja baadaye, dada yake mkubwa, binti wa saba, akafariki akiwa na miaka 18. Kabla Februari haijaisha akafariki pia mama wa yule binti wa saba, mmoja wa wake waliopendwa mno na mfalme. Mzee akazika mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na katika mwezi huo huo ana kitoto kichanga mkononi. Sidhani kama mapenzi makubwa aliyompa binti wa kumi yanaeleweka bila kuikumbuka Februari ile.

Na mapenzi yalikuwa makubwa kweli. Qianlong alijaliwa mabinti kumi, lakini watano tu ndio waliofika utu uzima. Mmoja baada ya mwingine walitangulia, na kuanzia 1792 Hexiao alikuwa binti pekee aliyekuwa hai. Kwa desturi ya Wamanchu, mabinti wa mfalme walikuwa na madaraja mawili. Aliyezaliwa na malkia alipewa daraja la Gurun, neno la Kimanchu lenye maana ya dola au taifa. Aliyezaliwa na suria alipewa daraja la chini yake, Hošo. Hexiao alikuwa mtoto wa suria, tena suria mwenye doa. Baba akaivunja desturi: alipofika umri wa miaka kumi na kitu akapandishwa kuwa Gurun.

Mwanamfalme Zhaolian, aliyekuwa karibu rika lake na aliyeandika kumbukumbu za mambo ya ukoo wa kifalme, ametuachia picha ya msichana huyu. Sura yake ilifanana na ya baba. Alikuwa na nguvu, akivuta upinde mgumu ambao wanaume wengi wangeushindwa. Alivaa nguo za kiume akafuatana na baba yake mawindoni, akalenga wanyama akiwa juu ya farasi. Mfalme, kwa furaha, alimwambia kwamba lau angezaliwa mwanamume basi bila shaka angemweka kuwa mrithi wa kiti.

Maneno hayo husimuliwa siku zote kama sifa, nami nayaona mazito. Mtoto anaambiwa na baba yake, mtu mwenye uwezo kuliko wote katika nchi ile, kwamba anatosha kwa kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo si kosa lake. Kisha anarudishiwa upinde wake aendelee kucheza.

Na wakati huo alikuwa ameshaozwa kwa maneno zamani. Mwaka 1780, akiwa na umri wa miaka mitano, mfalme alitangaza kwamba atakuja kuolewa na mtoto wa Heshen.

Huyu Heshen alikuwa nani wakati ule? Alizaliwa 1750 katika ukoo wa Niohuru, ukoo wa Kimanchu wenye jina lakini nyumbani kwao hapakuwa na utajiri. Alianza kama mlinzi wa mfalme. Ilikuwa mwaka ule ule wa 1775, aliozaliwa binti, ndipo Qianlong alipomtupia jicho: kijana mzuri wa sura, msomi, mwenye kumbukumbu kali, anayejua Kimanchu, Kichina, Kimongolia na Kitibeti. Mwaka uliofuata alikuwa ameingia katika baraza la juu kabisa la serikali. Hazina, wizara, forodha, vyote vikapita mkononi mwake. Wajumbe wa Uingereza walioongozwa na Macartney walipokwenda China mwaka 1793, huyo ndiye waliyelazimika kuzungumza naye.

Mtoto wa Heshen alikuwa amezaliwa mwaka mmoja na binti mfalme. Qianlong mwenyewe ndiye aliyempa jina: Fengshen Yinde. Fengšen, kwa Kimanchu, ni neema, bahati njema. Jina likatolewa pamoja na mke. Wafalme wa Qing walikuwa na mazoea ya kuwatumia mabinti kufunga mafundo ya siasa. Wengi wao walipelekwa nyika za Mongolia kuolewa na wakuu wa kule, kama Kejing, binti wa Kangxi, aliyeozwa mwaka 1697 kwa mkuu wa Wamongolia wa Khalkha, na jumba lake bado limesimama mjini Hohhot. Qianlong hakutaka huyu wa mwisho aende mbali. Alimtafutia nyumba hapo hapo Beijing, nyumba ya mtu aliyemwamini kuliko wote. Nadhani aliamini kabisa kwamba anamweka mwanawe mahali salama.

Kuna kisa kimoja cha kabla ya harusi ninachokipenda sana. Hexiao alikuwa na mazoea ya kumwita Heshen kwa neno ambalo mwanamume wa Kichina humwita baba wa mke wake. Alikuwa akivaa kiume, akiwinda kama mwanamume, basi na katika lugha akajiweka upande wa bwana harusi! Siku moja, inasimuliwa, walikuwa wakitembea katika mtaa wa maduka uliotengenezwa ndani ya bustani za kifalme za Yuanmingyuan, mahali ambapo matowashi walijifanya wachuuzi ili familia ya mfalme ionje raha ya sokoni. Binti akaona joho jekundu, akalitamani. Mfalme akamwambia amwombe mkwewe. Heshen akatoa fedha papo hapo, akamnunulia. Baba anacheka, mkwe anainama, binti anavaa joho lake. Wote watatu wanafurahi, na hakuna anayeuliza fedha ile imetoka wapi.

Harusi ilifanyika Januari 1790, wiki chache kabla binti hajatimiza miaka 15. Wajumbe wa Korea waliokuwa Beijing waliandika walichokiona kwa mshangao. Siku ya kwenda kwa mumewe, mfalme alimpa wakia 300,000 za fedha kutoka hazina. Vyombo na mapambo vilisombwa kwa magari kwenda nyumbani kwake, na kwa hesabu yao fahari ya harusi ile ilizidi mara kumi ya harusi ya dada yake aliyeolewa na Fulong'an. Kwa kipimo cha kanuni, binti mfalme wa daraja la Gurun aliyeolewa mjini Beijing alikuwa akipata posho ya wakia 400 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: mfalme alimpa kwa siku moja posho ya miaka mia saba na hamsini.

Ndoa ya namna ile ilikuwa na mambo yanayotushangaza sisi tunaojua adabu ya mke kwa wakwe. Mume wa binti mfalme aliitwa efu, na mbele ya mkewe alikuwa raia mbele ya dola. Wakwe pia. Kwa kanuni ya wakati ule, baba na mama wa mume walipaswa kumpigia magoti mke wa mtoto wao, na kanuni hiyo ilikuja kuondolewa baadaye sana, enzi ya Mfalme Daoguang. Heshen, mtu ambaye magavana walimtetemekea, akirudi nyumbani alimkuta mtoto wa miaka 15 wa kumpigia magoti.

Naye yule mtoto alikuwa anaona. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi kuliko kwenye habari za upinde. Zhaolian anaeleza kwamba Hexiao alimwonya mumewe waziwazi: baba yako amepewa fadhila kubwa na baba yangu, hajazirudisha kwa lolote, na habari za rushwa yake zinazidi kila siku, nina hofu kwamba siku moja hamtanusurika ninyi wala nyumba yenu, nami nitaburutwa pamoja nanyi. Wakati anayasema haya Heshen alikuwa kileleni. Hakuna waziri aliyethubutu kuyatamka. Aliyeyatamka ni mke kijana, chumbani kwake, akimwambia mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kubadili chochote.

Kisa cha theluji nacho kimo humo humo. Asubuhi moja baada ya theluji kuanguka, Fengshen Yinde alichukua koleo akaanza kuichezea theluji uani kama mtoto. Mkewe akatoka, akamgombeza: umepita miaka ishirini, bado unacheza michezo ya watoto? Efu akapiga magoti, akabaki hapo akiomba radhi mpaka alipomridhia.

Nimewasikia watu wakikisimulia kama kisa cha mke mkali. Mimi namwona bibi yangu. Babu alikuwa fundi wa bao, na alasiri zile ambapo wadai walikuwa wakipita barabarani wakilikodolea jicho baraza letu, yeye alikuwa ameinamia kete. Bibi alitoka siku moja akazikusanya kete zote kwenye upindo wa kanga, akaingia nazo ndani bila kusema neno. Mama yangu alikuwa mdogo, lakini anakumbuka sauti ya kete zikigongana. Babu alikuwa mtu mwema na alimpenda mkewe. Mtu mwema anaweza kuwa mzigo mzito sana wakati paa linavuja, na anayeliona paa peke yake hana budi kupandisha sauti.

Kisha ukaja mwaka 1799.

Qianlong alikuwa amejiuzulu mwaka 1796 ili asiipite miaka ya utawala wa babu yake Kangxi, lakini aliendelea kushika mambo yote. Mwanawe Jiaqing alikaa kitini kwa jina tu. Heshen akawa mdomo wa mzee: mzee alinong'ona, Heshen akatamka. Katika majimbo vita vya waasi wa madhehebu ya Yungiyungi Jeupe vilikuwa vinaimaliza hazina, na fedha za jeshi zilikuwa zikiyeyuka njiani. Aliye juu mngoje chini. Jiaqing alingoja miaka mitatu.

Tarehe 7 Februari 1799 Qianlong akafariki. Kwa kalenda ya Kichina ilikuwa siku ya tatu ya mwezi wa kwanza, yaani sikukuu ya kuzaliwa kwa Hexiao. Aliyefiwa na baba siku ile alikuwa anatimiza miaka 24.

Hakupewa nafasi ya kulia. Siku chache tu baadaye mkwewe alikamatwa. Orodha ya makosa ishirini ikatangazwa. Alijenga ukumbi wa nanmu, mbao za thamani, akaiga jengo la kifalme. Alikuwa na bangili za lulu zaidi ya mia mbili, nyingi kuliko za kasri. Kaburi alilojiandalia lilikuwa kubwa hivi kwamba watu wa eneo lile waliliita kwa neno litumikalo kwa makaburi ya wafalme. Ndani ya kuta za nyumba yake zilipatikana wakia 26,000 za dhahabu. Zipo hesabu nyingine zinazozunguka mpaka leo, za mamia ya mamilioni, lakini hizo zimekuzwa mno. Hizi za hati ya mashtaka zinatosha. Watu wa mjini wakatunga msemo: Heshen kaanguka, Jiaqing kashiba.

Mawaziri waliomhukumu walipendekeza auawe kwa kukatwa vipande vipande, kifo cha polepole walichowekewa wasaliti. Hexiao akaingia kwa kaka yake. Mfikirie katika nguo zake za msiba, baba yake bado hajazikwa, akimwombea mtu aliyekuwa amemtabiria mwisho huu huu. Alimwombea mkwewe kifo chenye mwili mzima. Akapewa. Tarehe 22 Februari, siku kumi na tano baada ya kifo cha Qianlong, Heshen alipelekewa kitambaa cheupe cha hariri, akajinyonga. Alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Fengshen Yinde hakuuawa wala hakupelekwa uhamishoni. Utukufu mwingi aliokuwa nao kwa jina la baba yake ulipunguzwa, lakini uhai wake na nafasi ndogo katika utumishi vikaachwa, kwa sababu ya mkewe. Na nyumba? Jumba lilikatwa mapande mawili. Pande moja akapewa Yonglin, mwanamfalme mwingine, kaka wa binti. Pande jingine akaachiwa Hexiao na mumewe.

Hili ndilo jambo ambalo waongozaji wa Gongwangfu hulipita mbio, nami nataka tulikalie kidogo. Aliishi hapo hapo. Aliamka kila siku ndani ya kuta zilizopekuliwa. Ukumbi wa nanmu, ambao ulikuwa shtaka zima peke yake katika zile ishirini, ulikuwa umesimama ng'ambo ya uani, na bado umesimama hadi leo. Nimeziona nguzo zake, nyeusi na laini kama meza ya chakula iliyotumiwa na vizazi. Watumishi wengi walikuwa wamekwenda. Jirani mpya alikuwa kaka yake, aliyeihodhi nusu ya nyumba ya mkwewe.

Na mume alikuwa bado yupo, pamoja na jina lake la bahati njema.

Mwaka 1803, mtumishi mkubwa wa nyumba ya binti mfalme alimshtaki Fengshen Yinde kwa Jiaqing. Alisema bwana wake anafanya mazoezi ya silaha nyumbani, ana njama dhidi ya mfalme, na alitaka kumtilia mkewe sumu. Kwa mtoto wa Heshen, shtaka moja tu kati ya hayo lilitosha kuondoa kichwa. Uchunguzi ukafanyika, na njama na sumu zikaonekana ni uzushi. Lakini jambo moja likathibitika: katika kipindi cha maombolezo ya Qianlong, kipindi ambacho mkwe wa mfalme alitakiwa kujizuia na starehe za ndoa, alikuwa amezaa mtoto wa kike na suria wake. Akavuliwa cheo, akaamriwa kukaa ndani ya nyumba.

Soma tena hapo kwa jicho la Hexiao. Wakati yeye analia msiba wa baba yake na kuomba maiti ya mkwewe isikatwe, mumewe alikuwa kwa suria. Na sasa nchi nzima inalijua, limeandikwa kwenye hati ya serikali kwa tarehe na mwezi. Suria kwa sheria ya kwao alikuwa halali, silipingi hilo. Nasema tu kwamba kuna aibu ambazo mke huzifunika kwa upande wa kanga, na hii hakuachiwa aifunike.

Angeweza kumwacha aangamie. Kaka yake alikuwa mfalme. Hakufanya hivyo, na jambo la mumewe halikupita hapo kwenye kufungiwa nyumbani.

Bibi yangu aliwahi kuulizwa na mama kwa nini hakurudi kwao Tanga wakati ule. Alikuwa anachambua mchele. Alisema: ningeondoka, ningewaacha na nani? Akaendelea kuchambua. Sijui kama hilo ni jibu la mapenzi au la wajibu, na nimeacha kujaribu kuvitenganisha. Zhaolian anasema kwamba baada ya anguko la Heshen, binti mfalme aliiendesha nyumba kwa zaidi ya miaka kumi, ndani na nje kukiwa na nidhamu, na wakapata kuishi kwa kiasi. Ni sentensi fupi ya mwanamume anayemsifu mwanamke. Ndani yake mna hesabu za chakula, mishahara ya watumishi waliobaki, suria na watoto wake wa kike waliohitaji kula na kuvishwa, zawadi za kupeleka kasri kila sikukuu, na mume asiyetoka nje.

Alikuwa akiandika mashairi, yule mume, na alijishughulisha na mafundisho ya Kidao kuhusu kurefusha maisha. Mwaka 1806 alisamehewa, akarudishwa kazini kama mlinzi, kisha akapelekwa Uliastai, kambi ya jeshi huko Mongolia. Baridi ya kule haikumfaa. Mwaka 1810 aliugua akaruhusiwa kurudi, na hakukaa sana akafa, na umri wake miaka 35. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti wawili wa suria, na mtoto wa kiume aliyechukuliwa katika ukoo ili jina lisikatike.

Mama yake Hexiao, yule aliyeua kijakazi, alikuwa amefariki mwaka 1806. Kaka yake Jiaqing alifariki 1820, na Yonglin, jirani wa ng'ambo ya ukuta, mwaka huo huo. Akabaki yeye, mjane, shangazi wa mfalme mpya Daoguang. Miaka kumi na mitatu ya ujane aliishi katika lile pande lake la jumba. Hapo hapakuwa tena na mtu wa kumwombea.

Alifariki Oktoba 1823, akiwa na miaka 48. Daoguang alikwenda mwenyewe kutoa heshima mbele ya jeneza la shangazi yake, na kwa mara ya mwisho farasi na viti vya kifalme vikajaa kwenye lango lile. Walipoondoka, pande la Hexiao lilirudishwa serikalini, likaunganishwa na lile la warithi wa Yonglin. Jumba likawa moja tena kwa mara ya kwanza tangu 1799. Mwaka 1851 lilipewa Mwanamfalme Gong, na kwa jina lake ndilo linaloitwa leo.

Niliporudi Gongwangfu mara ya pili nilikwenda peke yangu, siku ya baridi, mapema kabla foleni ya jiwe la baraka haijakusanyika. Usiku kulikuwa kumeanguka theluji kidogo. Mzee mmoja wa makumbusho alikuwa akiisukuma kwa koleo kutoka kwenye vigae vya uani, polepole, akiirundika pembeni penye ukuta, nami nikasimama chini ya upenu kumtazama mpaka alipomaliza.